Kujaribu matoleo ya mifumo endeshi huria kabla hayajatoka: ugeni wako ndio unaotafutwa

#1 Ukindu (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Huu ni mwaka wangu wa nne nikijitolea kujaribu matoleo ya mifumo endeshi ya chanzo huria kabla hayajatangazwa. Siandiki programu, hakuna mradi wenye hata mstari mmoja wa msimbo wangu. Ninachofanya ni kupakua toleo likiwa bado bichi, kulisakinisha, kulitumia kama mtu yeyote, kisha kuandika nilichokiona. Kila ninapomshawishi mtu aje tusaidiane, jibu ni moja: "Mimi bado mgeni, hata Linux yenyewe siijui vizuri, nitasaidia nini?"

Nimefungua uzi huu kwa ajili ya swali hilo, kwa sababu naona limesimama kichwa chini miguu juu. Aliyeandika kisakinishi amekipitia mara nyingi mno. Vidole vyake vinajua pa kupita, na shimo lililo njiani analiruka pasipo kujua kwamba ameliruka. Mgeni anatumbukia. Akitumbukia mmoja wiki tatu kabla ya toleo na akasema, shimo linafukiwa. Asipopatikana huyo mmoja, siku ya toleo wanatumbukia maelfu.

Niwape kisa kilichoniingiza kwenye kazi hii. Nilikuwa na laptopu iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, kibodi yake ya Kifaransa, ile ambayo A na Q zimebadilishana mahali. Nikapakua toleo la majaribio la mradi mmoja (sitautaja, walilishughulikia vizuri na yameisha). Nikachagua kibodi ya Kifaransa, nikachagua diski ifungwe kwa nywila, nikaweka nywila ya kujaribia tu: kabati. Usakinishaji ukaenda hadi mwisho bila tatizo. Nikazima, nikawasha. Ikaja skrini nyeusi inayoomba nywila. Nikaandika kabati. Imekataliwa. Nikaandika tena polepole, herufi moja moja. Imekataliwa. Nikadhani nilikosea wakati wa kuiweka, nikafuta kila kitu nikasakinisha upya, saa nzima nyingine. Yale yale.

Nilikaa nikiiangalia ile skrini, ndipo likanijia swali: hivi hapa mwanzoni kabisa, mfumo unajua kwamba kibodi yangu ni ya Kifaransa? Nikabonyeza vitufe vilivyoandikwa K, Q, B, Q, T, I. Diski ikafunguka.

Kumbe mpangilio wa kibodi ulikuwa umehifadhiwa kila mahali isipokuwa kwenye skrini hiyo moja. Mtu mwenye kibodi ya Kimarekani angesakinisha mara elfu asilione tatizo hilo, maana kwake a ni a kote kote. Nikaandika ripoti ya mistari kumi na moja. Siku mbili baadaye mtu akaniomba yaliyomo kwenye faili la /etc/vconsole.conf, lile linalohifadhi mpangilio wa kibodi, nikampa. Wiki iliyofuata ikaja ISO mpya (faili moja lenye mfumo mzima wa kusakinisha), nikarudia hatua zile zile, na kabati ikafungua mlango. Ujuzi sikuwa nao siku ile. Nilikuwa na kibodi ambayo wao hawakuwa nayo, na jioni mbili za nafasi.

Mwenye swali aulize. Wazoefu mkiona nimepotoka, nisahihisheni.

#2 Mwanafunzi_wa_Jioni

Mkuu Ukindu, asante sana kwa uzi. Naomba nianze na ya mwanzo kabisa. Hayo matoleo ya majaribio yanapatikana wapi, na mtu anajuaje ajaribu lipi? Halafu nina laptopu moja tu, ndiyo ninayosomea na kufanyia kila kitu. Naogopa kuiharibu.

#3 Ukindu

Nianze na hiyo hofu kwa kuwa ni ya haki. Mashine unayoitegemea usiisakinishe toleo la majaribio. Anza na mashine pepe: VirtualBox, au Boxes ya GNOME (GNOME ni moja ya desktopu za Linux), au virt-manager kama tayari uko Linux. Hiyo ni kompyuta inayoishi ndani ya faili. Ikiharibika unafuta faili, basi. Ipe RAM ya GB 4 kama unayo ya kutosha, na diski ya GB 30.

Ukishazoea, njoo kwenye flashi. Matoleo mengi ya desktopu yanawaka kutoka kwenye flashi bila kuandika chochote kwenye diski yako, mradi usibonyeze kitufe cha kusakinisha. Hifadhi nakala ya kazi zako kwanza, hilo halina mjadala. Kisha angalia mambo ya kawaida kabisa. Sauti inatoka? Waifai inaona mitandao? Ukifunga kifuniko na kukifungua, skrini inarudi? Vitufe vya mwanga vinafanya kazi? Kamera je? Mashine pepe haiwezi kukujibu hata moja kati ya hayo, maana haina spika wala kifuniko.

Sasa, wapi. Nitaje mifumo mitatu ya familia ya Linux: Ubuntu, Fedora na Debian.

Ubuntu hutoa toleo Aprili na Oktoba, na namba ya toleo ni mwaka na mwezi wake, kwa hiyo 24.04 ni la Aprili 2024. Katikati hujengwa ISO mpya karibu kila siku, zinawekwa cdimage.ubuntu.com. Kisha kuna iso.qa.ubuntu.com, ambako kila ISO ina orodha ya majaribio: sakinisha kwa kufuta diski nzima, sakinisha kwa kugawa diski mwenyewe, sakinisha kando ya mfumo mwingine, na mengine. Unachagua moja, unafuata hatua zilizoandikwa, unaweka alama kwamba limepita au limeshindwa. Likishindwa unaweka na namba ya ripoti uliyofungua Launchpad, tovuti yao ya kupokea ripoti. Ushauri wangu kwa mgeni ni kwenda kwa ndugu zake Ubuntu: Xubuntu, Lubuntu, Kubuntu, Ubuntu MATE. Watu wao ni wachache, na jaribio moja lililofanywa vizuri linaonekana mara moja.

Fedora nayo ni takriban kila miezi sita, na Beta, yaani toleo la majaribio la karibu na mwisho, hutangulia. Hawa wana siku za majaribio, yaani siku au wiki nzima inatengwa kwa jambo moja: kerneli mpya (kiini cha mfumo), GNOME mpya, au lugha na kibodi. Kuna ukurasa wenye jedwali, unajaza ulichoona. Kwa mtu anayeanza kabisa sijaona mahali pazuri zaidi ya hapo, kwa sababu siku hiyo wanaojua wapo kwenye chumba cha gumzo na wamekaa kusubiri maswali.

Debian inakwenda kwa mwendo wake. Toleo la 12 lilitoka Juni 2023, la 13 Agosti 2025. Kabla ya hapo kisakinishi hutolewa kwa majaribio mara kadhaa, na wanaomba ripoti ya usakinishaji hata kama kila kitu kimekwenda sawa. Inatumwa kwa barua pepe, chini ya jina installation-reports. Hilo la "hata kama kimekwenda sawa" wengi hawalielewi. Timu inapoona ripoti sifuri kuhusu usakinishaji kando ya Windows, haijui kama njia hiyo ni salama au kama hakuna aliyeipita. Ukisema "nimepita, salama," umewapa habari waliyokuwa hawana.

#4 Tarishi

Uzi mzuri, ila niongeze tahadhari ili wageni wasije wakavunjika moyo baadaye. Siku hizi kuna openQA. Ilianzia openSUSE, mfumo mwingine wa Linux, na Fedora nao wanaitumia. Mashine yenyewe inasakinisha, inapiga picha ya skrini, inalinganisha na picha ya inavyotakiwa kuwa, ikiona tofauti inapiga kelele. Inafanya hivyo kwa kila ISO inayojengwa. Kwa hiyo mtu anayesakinisha kwenye mashine pepe na kubonyeza "Endelea" hadi mwisho bila kubadili chochote, anarudia kazi ambayo mashine iliimaliza jana usiku. Tuwaambie watu ukweli kwamba majaribio hayalingani uzito.

#5 Ukindu

Tarishi, nakubali, na nashukuru umelisema wewe. Mashine pepe naichukulia kama darasa: hapo ndipo mtu anapojifunza kusoma maelekezo ya jaribio, kukusanya logi (kumbukumbu za mfumo) na kuandika ripoti, bila woga. Lakini uzito wenyewe uko kwenye vifaa halisi na kwenye njia zisizo za kawaida: kibodi ya lugha nyingine, skrini ndogo, diski ambayo tayari ina mifumo miwili, kompyuta ya miaka kumi na mbili.

Kuhusu vifaa kuna mfano ambao kila anayejaribu matoleo anapaswa kuujua. Ubuntu 17.10 lilitoka Oktoba 2017. Desemba mwaka huo huo wakalazimika kuondoa kiungo cha kupakua ISO ya desktopu, kwa sababu kiendeshi kimoja (programu ya kuendesha kifaa) ndani ya kerneli, intel-spi, kilikuwa kinavuruga BIOS, ile programu ya msingi inayowasha kompyuta, ya baadhi ya laptopu, nyingi zikiwa za Lenovo. Wenye mashine hizo walikuta mipangilio ya BIOS haihifadhiki tena, na wapo walioshindwa kabisa kuwasha kutoka kwenye flashi. ISO iliyorekebishwa, 17.10.1, ilitoka Januari 2018. Tatizo hilo lisingeweza kuonekana kwenye mashine pepe, maana chipu yenyewe haimo. Lilihitaji mtu mwenye laptopu ile, aliyesakinisha, akaingia BIOS, akabadili kitu kimoja, akaona hakikubadilika.

#6 Mbalamwezi

Hapo kaka umenitisha kidogo. Kumbe toleo linaweza kuharibu hata BIOS?

#7 Ukindu

Dada Mbalamwezi, ni nadra, ila limetokea na siwezi kukuficha. Ndiyo maana kwa vifaa halisi natumia ile laptopu ya Kifaransa, ambayo nimeshaikubali kama chombo cha kazi hii. Ikifa leo nitasikitika lakini hakuna kazi yangu itakayopotea. Kama huna mashine ya namna hiyo, baki kwenye mashine pepe na utafute njia ambazo openQA haipiti. Badili lugha katikati ya usakinishaji. Rudi nyuma hatua mbili, badili mawazo, endelea. Andika jina lenye herufi za ajabu. Tumia kisoma skrini kana kwamba huoni. Kata intaneti katikati. Hayo nayo ni majaribio kamili.

Na kama unasakinisha kwenye mashine yenye diski mbili, chomoa ile usiyotaka iguswe. Siyo kuiepuka tu kwenye orodha, ichomoe. Jina la diski kwenye orodha ni herufi chache tu zinazofanana, na saa sita usiku macho yanadanganya.

#8 Kisiki

Niseme na upande wa pili, maana naona sifa zimezidi. Mimi nilijitolea kwa mradi mmoja mwaka wa juzi. Nilituma ripoti nne. Moja ilijibiwa. Tatu zilikaa mwaka mzima bila hata mtu kusema "tumeona", kisha toleo likafika mwisho wa muda wake na mfumo ukazifunga zenyewe, na ujumbe ule ule kwa zote. Mtu unatoa usiku wako, data zako, halafu unafungiwa mlango na roboti. Sikurudi.

#9 Ukindu

Pole sana ndugu Kisiki. Hiyo inauma na naielewa, yamenikuta mara mbili. Miradi mingi ina ripoti nyingi kuliko watu, na hakuna anayelipwa kusoma ya kwangu au yako. Naomba nikuulize bila nia mbaya: moja kati ya zile tatu unaikumbuka ilivyoandikwa? Iweke hapa tuione.

#10 Kisiki

Ninayo kwenye barua pepe. Iliandikwa hivi: "Sauti haifanyi kazi tangu nisasishe. Kompyuta yangu ni nzuri na kabla ilikuwa sawa. Tafadhali rekebisheni."

#11 Tarishi

Kisiki, asante kwa kuiweka wazi, wengi wasingethubutu. Ndani ya ripoti yako kuna kitu kizuri sana ambacho kimejificha, nitakionyesha. Ila msomaji wa upande wa pili hajui ni spika au hedifoni, ni kifaa gani, toleo gani, wala afanye nini ili aone ulichokiona. Tuiandike upya, nikikisia maelezo ambayo wewe ungekuwa nayo:

*Kichwa: Spika za ndani hazitoi sauti baada ya laptopu kuamka usingizini, hedifoni zinatoa*

*Toleo: ISO ya siku fulani. Kerneli: jibu la amri ya uname -r.*

*Kifaa: mstari wenye neno Audio kutoka kwenye amri ya lspci -nn.*

*Hatua: Washa laptopu, cheza wimbo, sauti ipo. Funga kifuniko kwa dakika moja. Fungua, cheza wimbo ule ule.*

*Nilitarajia: sauti itoke kwenye spika. Kilichotokea: kimya, ingawa kipimo cha sauti kinacheza.*

*Mara ngapi: nimerudia mara 5, zote 5 vivyo hivyo.*

*Toleo lililopita, kwenye laptopu hii hii: hakuna tatizo.*

*Nimeambatisha: journalctl -b ya kuanzia kuwasha hadi tatizo kutokea.*

Sasa mtazame ule mstari wa toleo lililopita. Kisiki aliuandika, "kabla ilikuwa sawa", ila kwa namna isiyoshikika. Ukiwa wazi, ndio unaomfanya mtengenezaji aache anachofanya. Unamwambia kwamba kilichoharibu kimeingia kati ya matoleo mawili, kwa hiyo anajua pa kutafuta. Na kile kichwa: anayeshughulika na sauti anakisoma kwenye orodha ya mamia na kujua ni chake kabla hajafungua. Kichwa cha "Sauti haifanyi kazi" hakimwambii hivyo.

Ukiwa Ubuntu, amri ya ubuntu-bug ikifuatwa na jina la kifurushi (programu husika) inakusanya mengi ya hayo yenyewe. Debian kuna reportbug. Kama mashine iliganda ikabidi uizime kwa nguvu, ukiwasha tena tumia journalctl -b -1, hiyo inakupa logi ya uwashaji uliopita. Na kama kisakinishi ndicho kilichokwama, logi chukua kabla hujazima, kwa sababu mfumo wa flashi unaishi kwenye RAM na ukizima vyote vinaondoka. Kwa Anaconda, kisakinishi cha Fedora, ziko /tmp: anaconda.log, storage.log, program.log. Zinakili kwenye flashi nyingine.

#12 Kisiki

Nimekuelewa mkuu. Bado nadhani kufunga ripoti bila kumjibu mtu ni kumvunjia heshima, hilo sibadilishi. Lakini naona ile yangu ingeweza kukaa hata miaka mitatu.

#13 Ukindu

Hatutofautiani hapo, Kisiki. Heshima ni ya pande zote mbili.

Niongeze jambo la wakati, kwa sababu linaweza kuwa lilichangia. Ripoti moja inaweza kusimamisha toleo zima au kupita bila kuonwa, kutegemea imefika lini. Fedora wana vigezo vilivyoandikwa: toleo halitoki kama halitimizi hiki na hiki. Hitilafu inayovunja kigezo inaweza kupendekezwa na mtu yeyote, hata wewe, iwe ya kuzuia toleo, kisha inajadiliwa. Mwishoni kuna kikao cha kuamua litoke au lisubiri. Na linasubiri kweli. Fedora 18 ilipangwa kutoka mwanzoni mwa Novemba 2012 ikatoka tarehe 15 Januari 2013, sababu kubwa ikiwa kisakinishi kilichokuwa kimeandikwa upya. Ubuntu nao, toleo ambalo lingekuwa 6.04 mnaliona linaitwa 6.06, kwa sababu lilisogezwa kutoka Aprili hadi Juni 2006. Debian hugandisha kwanza, yaani husimamisha kuingiza mabadiliko mapya, na hitilafu za ngazi tatu za juu, yaani critical, grave na serious, ndizo zinazozuia toleo.

Kwa hiyo ukitaka kusikilizwa, njoo mapema. Wiki ya Beta ndiyo wiki ya kukosa usingizi. Ukileta hitilafu ndogo siku mbili kabla ya toleo, hata kama ni ya kweli, itaandikwa kwenye maelezo ya toleo kama tatizo linalojulikana. Siyo dharau, kila marekebisho ya dakika ya mwisho yanaweza kuzaa hitilafu nyingine ambayo hakuna atakayekuwa na muda wa kuijaribu.

#14 Mbalamwezi

Naomba kuuliza mawili. Kwanza, Kiingereza changu cha kuandika ni cha kuunga unga, sijui kama watanielewa. Pili, vipi nikiona kitu kidogo sana, mfano programu inafunguka kwa kuchelewa kidogo kuliko zamani? Naona aibu kumsumbua mtu kwa jambo la sekunde moja.

#15 Tarishi

La kwanza: wanaosoma ripoti hizo wengi nao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Sentensi fupi, hatua moja kila mstari, picha ya skrini. Ujumbe wa kosa unakiliwa kama ulivyo, usiutafsiri wala kuusimulia. Hivyo tu vinatosha. Na kwa kuwa unajua lugha nyingine, una jaribio lako tayari: sakinisha kwa Kiswahili na uangalie wapi maneno yanakatwa kwenye vitufe, wapi Kiingereza kinachomoza katikati, wapi tarehe zinavurugika.

La pili, ngoja nikusimulie. Mwezi Machi 2024 mtu aitwaye Andres Freund alikuwa anatumia Debian sid, lile tawi lisilotulia ambako vifurushi vipya huingia kwanza. Akipima mambo yake ya PostgreSQL, programu ya hifadhidata, akaona kwamba kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao) kunachukua nusu sekunde zaidi ya kawaida na kunakula CPU kupita kiasi. Nusu sekunde. Akafuatilia, akakuta kwamba ndani ya xz, programu ya kubana mafaili ambayo iko karibu kila mahali, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa yamepandikizwa mlango wa siri kwa makusudi. Akatangaza tarehe 29 Machi.

Sasa angalia lilikuwa limefika wapi: Debian sid na testing, openSUSE Tumbleweed, Fedora Rawhide na toleo la majaribio la Fedora 40. Matawi ya majaribio, au yanayosasishwa mfululizo kama Tumbleweed. Matoleo thabiti ya Debian na Fedora yalikuwa hayajaguswa. Ubuntu walisogeza beta ya 24.04 kwa wiki moja, hadi tarehe 11 Aprili, ili vifurushi vijengwe upya kwa usalama.

#16 Ukindu

Hicho kisa kila nikikisoma nywele zinasimama. Niweke wazi kwa ajili ya wageni: Freund ni mtengenezaji mzoefu wa PostgreSQL, na kule alikofika baada ya ile nusu sekunde mimi nisingefika. Lakini alipoanzia ni mahali ambapo Mbalamwezi naye anaweza kusimama. Kitu kimechelewa, kwa nini? Yeye hakulipuuza. Kwa hiyo dada, andika. Pima kwanza ili isiwe hisia: fungua programu mara tano kwenye toleo la zamani, mara tano kwenye jipya, andika sekunde. Ukiwa na namba humsumbui mtu.

#17 Mwanafunzi_wa_Jioni

Wakuu nimerudi. Swali la data: ISO ya Ubuntu inazidi GB 5, na mnasema zinajengwa karibu kila siku. Nitazipakua zote?

#18 Ukindu

Hapana, kuna zsync. Ukiwa na ISO ya jana, zsync inalinganisha na ya leo na kuleta vipande vilivyobadilika tu. Ubuntu wanaweka faili la zsync kando ya ISO zao za kila siku. Na kama data ni finyu sana, anza na netinst ya Debian, ISO ndogo inayovuta vingine mtandaoni, haifiki GB 1, kisha unachagua vifurushi vichache wakati wa kusakinisha.

Ukishapakua, kabla ya kitu kingine chochote, endesha sha256sum, amri inayotoa namba ya kutambulisha faili, na ulinganishe na namba iliyo kwenye ukurasa wao. Nalisisitiza hili kwa nguvu zote. ISO iliyokatika katikati inaleta hitilafu za ajabu ambazo hazipo: kifurushi hakifunguki, kisakinishi kinaganda asilimia 63. Mtu mwingine huko ataacha usingizi wake akitafuta kitu ambacho ni bando lako lililokatika.

#19 Mwanafunzi_wa_Jioni

Wakuu, nimefanya jaribio langu la kwanza. Nilichukua ISO ya jana ya mradi mmoja mdogo, sha256 imelingana, nikaiwasha VirtualBox. Jaribio lilikuwa la kusakinisha kwenye diski nzima.

Imesakinika na imewaka. Lakini kuna jambo moja sijui kama ni kosa langu. Skrini ya mashine pepe ilianza ikiwa ndogo, 800 kwa 600. Nilipofika hatua ya kuweka jina na nywila, kitufe cha kuendelea hakikuonekana. Kilikuwa chini, nje ya skrini, na dirisha halikukubali kusogezwa juu. Nilikaa kama dakika kumi nikidhani kuna kitu sijajaza. Mwishoni nikabonyeza Tab mara nyingi, kisha Enter kwa kubahatisha, ikaendelea. Nikaweka alama kwamba limepita, kwa kuwa lilifika mwisho. Nimekosea?

#20 Ukindu

Hujakosea kusakinisha, ila hiyo ni hitilafu, siyo kosa lako. Zile dakika kumi ndizo nilizokuwa nazungumzia kwenye post ya kwanza. Anayekijua kisakinishi angebonyeza Enter bila kuangalia wala kugundua kwamba kitufe hakionekani.

Fanya hivi. Tafuta kwanza kwenye orodha yao ya ripoti kama kuna mtu ameshaisema, kwa maneno kama "kitufe" na "skrini ndogo" kwa Kiingereza. Kama ipo, usifungue nyingine. Ongeza yako chini yake, na utaje 800 kwa 600. Kama haipo, fungua mpya. Rudia usakinishaji, ukifika hatua ile piga picha ya skrini nzima, kisha badili ukubwa kuwa 1024 kwa 768 na uone kama kitufe kinarudi. Yote mawili yaandike. Alama ya kwamba jaribio limepita iache kama ilivyo, lakini weka namba ya ripoti kando yake.

#21 Tarishi

Jaribu na 1024 kwa 600 pia kama VirtualBox itakubali. Zipo laptopu ndogo zenye skrini hiyo, na ikikatika na hapo ripoti itapewa uzito mwingine.

#22 Mwanafunzi_wa_Jioni

Nimetafuta, haipo. Nimefungua mpya na kuweka picha tatu. Kwenye 800 kwa 600 kitufe hakionekani, 1024 kwa 600 kinaonekana nusu ya juu tu, 1024 kwa 768 kiko sawa. Nimerudia mara mbili mbili.

#23 Ukindu

Safi sana. Nitumie namba ya ripoti. Ile laptopu ya Kifaransa naiwasha sasa hivi, nitajaribu kwa maandishi makubwa, nikikuta yale yale naongeza chini ya ripoti yako.